Tulivyompeleka Mwita Kisaka Kuacha Ziwa

Mimi si mtu wa safari. Nikiulizwa nimefika wapi na wapi, nataja Sirari, na Sirari yenyewe nilifuata vitambaa nikarudi kabla chai niliyoiacha mezani haijapoa sawasawa. Mimi ni fundi cherehani, nashonea kwenye kibaraza cha duka moja hapa Bomani, mjini Tarime, na nadhani kazi hii niliipenda kwa sababu ni ya kukaa. Kwa hiyo msomaji anayenifahamu akinikuta nasimulia safari, ajue nilisukumwa.

Aliyenisukuma ni Mwita, mwanangu wa pili, mwenye miaka miwili na miezi minne na mdomo uliojaa meno. Mwita alikuwa bado ananyonya, tena si kwa aibu. Kanisani alikuwa anamfungua mama yake vifungo vya blauzi kwa utulivu, kama mtu anayefungua duka lake asubuhi. Mke wangu, Mama Ghati, alijipaka mwarobaini. Mwita akakunja uso, akatema, akaendelea. Akajaribu pilipili, wakalia wote wawili. Likizo ya mwezi wa sita ilipoingia, ndipo mke wangu akatamka nililokuwa naliogopa: mtoto aende Kisaka kwa bibi yake, akaachie ziwa huko, kama yeye mwenyewe na ndugu zake walivyoachishwa kwa bibi yao. Wiki mbili. Yeye hawezi kwenda, maana akionekana tu kazi imeharibika. Wa kumpeleka ni mimi.

"Umfikishe, ulale siku moja, urudi," aliniambia. "Na usibebe kitu chochote chenye harufu yangu."

Ghati, dada yake Mwita, ana miaka mitano na masikio marefu. Akauliza Mwita anaachishwa ziwa lipi, lile la Musoma? Tukamwambia ni lingine, dogo zaidi. Yeye naye alikuwa anakwenda kumaliza likizo kwa bibi, na mimi kwa kiherehere nilikuwa nimemwahidi pundamilia, kwa kuwa Kisaka iko wilaya ya Serengeti na Serengeti anayoijua yeye ni ile ya kwenye kalenda ukutani kwetu.

Bomani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama Ghati alituagia ndani, akakataa kutoka nje. Alisimama nyuma ya pazia la dirishani, ambalo nililishona mimi mwenyewe kwa kitambaa chepesi kupita kiasi, kwa hiyo nilimwona vizuri alivyokuwa anajifuta macho. Agizo lake nilikuwa nimeshalivunja. Mwita alikataa kubebwa kwa shuka, akakataa kwa taulo, akakubali kwa kanga ya mama yake tu, ile ya njano anayopikia. Nikamfunga nayo mgongoni. Vijana wa bodaboda pale kona waliponiona walinyanyuka kwa heshima zote, wakasema, "Mama Ghati, hujambo?" Nikawajibu sijambo wanangu, maana ningefanya nini.

Nyamwaga, saa mbili. Tulishuka kumsalimia shangazi yangu, ambaye ukipita kwake bila kuingia atakusema mpaka mwakani. Tulimwamkia, akatuwekea chai na ndizi za kuchemsha. Mkaza mwanawe alikuwa ameketi kwenye mkeka ananyonyesha kichanga. Mwita aliteremka kwenye benchi, akaenda akasimama mbele ya yule mama, mikono nyuma, kama mgonjwa anayesubiri zamu yake zahanati.

Shangazi alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mura," akaniambia, jina wanaloitwa vijana wa kwetu hata wakiota mvi, "huyu si wa kuachishwa ziwa. Huyu ni wa kuozeshwa."

Kisha akaitazama kanga. Akauliza ni ya nani. Nikasema ya mama yake. Akatikisa kichwa, akasema basi mtoto simpeleki popote, nimembebea mama yake mgongoni. Nilijifanya namenya ndizi.

Mto Mara, karibu saa tano. Kwenye gari tulilopanda kutoka Nyamwaga nilikaa jirani na kijana wa Geita aliyekuja huku kuchimba dhahabu kwenye vishimo vya watu. Mwita alikuwa amelala. Kijana aliuliza tunakwenda wapi, Ghati akamjibu kwa sauti ambayo gari zima liliipata kwamba tunampeleka mdogo wake akaache ziwa, si lile la Musoma, lingine. Watu wakacheka. Kijana naye alicheka, kisha akasema kwamba ana wa kwake Geita, wa umri uleule.

"Nilirudi Krismasi akaniita mjomba," alisema.

Nikamwambia wetu ni wiki mbili tu.

"Mtoto hana kalenda, kaka."

Hakusema kwa ubaya. Aliendelea kula karanga zake, akampa na Ghati. Lakini tulipokuwa juu ya daraja, maji ya Mara yakipita chini yetu, rangi yake kama ya uji wa ulezi, mimi nilikuwa nahesabu siku kumi na nne kwa kichwa cha mtoto wa miaka miwili, na kila nikihesabu zinakuwa mwaka. Mpaka hapo nilidhani shida ya safari hii ni mtoto kulia. Kumbe kulikuwa na nyingine kubwa zaidi: asipolia. Arudi amtazame mama yake kama anavyomtazama muuza nyanya.

Kisaka, saa saba mchana. Hapa lazima nieleze jambo. Kwetu mama mkwe hapewi mkono na mkwewe, hatazamwi usoni, wala hawali pamoja. Siku zote nimeipenda mila hii, kwa kuwa inampunguzia maneno mtu mvivu kama mimi. Lakini sikuwahi kujiuliza: mtu ambaye huruhusiwi kumkaribia, mtoto unamkabidhi vipi?

Nilisimama karibu na uzio wa minyaa, uso nimeuelekeza kwenye zizi, nikatoa shikamoo kwa ng'ombe. Mama mkwe akaipokea marahaba kutoka mlangoni, akiwa ameelekea jikoni. Baba mkwe, mzee wa maneno machache, aliketi kwenye kiti chake katikati yetu akitutazama kama mtu anayetazama mpira. Mjumbe akawa Ghati.

"Bibi anasema umweke chini."

Nikamfungua Mwita, nikamweka chini. Hakwenda. Akasimama katikati ya uwanja, ameshika pindo la kanga, huku mimi nikiwa nimeshika pindo lingine. Hapo mama mkwe hakumwita, wala hakumnyooshea mikono. Alisema tu, kwa sauti ya kulalamika, "Mume wangu amefika, na kumbe hata kunisaidia kazi hataki," maana kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Akageuka akaenda zizini. Mwita akamtazama mgongo. Akaachia pindo la kanga, akamfuata.

Nilibaki nimeshika kanga peke yangu. Baba mkwe akanionyesha kiti.

Usiku huo nilipanga kukesha nikisikiliza kama mtoto analia. Nililala kama gunia. Ghati ndiye aliyeniambia asubuhi kwamba Mwita alimlilia mama, akanililia na mimi, halafu akachoka, akalala mgongoni kwa bibi.

Siku ya pili, alfajiri. Niliyoyaona zizini siku hiyo ndiyo yaliyonifanya niandike. Ng'ombe wetu wa kienyeji hatoi maziwa mpaka ndama aanze yeye. Akishayashusha, ndama anaondolewa, anashikiliwa pembeni, na mkamaji anaendelea. Mama mkwe alimpa Mwita kifimbo chenye urefu wa rula. Akamwambia, mume wangu, huyu ndama ni mkubwa na bado ana tabia mbaya, anataka kunyonya tu kutwa. Mzuie.

Mwita alisimama mbele ya ndama aliyemzidi kimo. Ndama alikuwa amefungwa kamba mtini, lakini Mwita hilo hakulijua. Kila aliposogeza pua, Mwita aliinua kile kifimbo.

"Acha!" alisema. "Mkubwa wewe!"

Ni maneno ya mama yake hayo, na sauti ni ya mama yake, mpaka ule mkono kiunoni. Miezi mitatu alikuwa ameambiwa hayo nyumbani asisikie. Sasa amepata wa kumwambia. Kazi ilipokwisha akapewa kikombe cha maziwa ya moto kama mshahara, akayanywa amesimama, kama wanaume wanavyokunywa kazini.

Nilipaswa kuondoka siku hiyo saa nne. Lakini nyuma ya nyumba kulikuwa na magunia ya mahindi yaliyovunwa, hayajashonwa midomo. Nikaomba sindano ya gunia. Fundi hawezi kuacha kitu wazi, nikamweleza baba mkwe. Akasema ni kweli.

Jioni niliiona kanga ya njano kwenye kamba. Mama mkwe alikuwa ameifua, na Ghati akaniambia ilifuliwa mara mbili. Nilingoja uwanja uwe mtupu, nikapita karibu, nikainusa kama mwizi. Sabuni tu.

Siku ya tatu. Baba mkwe alinikuta nanawa uso. "Umeamkaje," akasema. "Bado upo." Nikamwambia yamebaki magunia manne. Lakini kabla ya magunia tulikwenda kijitoni kuchota maji, mimi, watoto, baba mkwe na punda wake wawili wenye madumu. Ghati aliwazunguka wale punda mara mbili. Nilijua kitakachofuata, nikaanza kutafuta uongo wa kumpa kuhusu ahadi yangu.

"Baba," akasema, "hawa hawajachorwa."

Nikasema ndiyo, bado.

Akaridhika. Alimweleza Mwita kwamba hawa ni pundamilia wadogo, milia watapewa wakikua, na Mwita akarudia neno moja aliloliweza, punda, kutwa nzima, kwa punda, kwa mawe, na kwangu mimi pia. Maji ya kijito yalikuwa ya vifundoni. Watoto walikaa ndani yake kama vyombo vilivyolowekwa, na mimi nikavua viatu, jambo ambalo Tarime sijalifanya hadharani tangu nioe. Ndala moja ikachukuliwa na maji. Baba mkwe aliitazama ikienda. Nilirudi na mguu mmoja peku, na sikumbuki siku nyingine mwaka huu nilipokuwa na furaha kiasi kile.

Siku ya nne, asubuhi. Magunia yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa nimeanza kushona hata yaliyokuwa hayana kitu. Mwita alinipita na kifimbo chake akielekea zizini, akaniambia "punda" kwa adabu, akaendelea na kazi. Muda si mrefu Ghati akatoka jikoni, akasimama mbele yangu, mikono imenyooka, kama anavyosimama akisoma shairi shuleni.

"Bibi anasema Mwita ameshaacha ziwa tangu juzi," akasema. "Anauliza, wewe utaacha lini?"

Baba mkwe alikohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa kikohozi. Kutoka jikoni sikusikia kitu, lakini mlango ule ulikuwa unacheka. Nikarudisha sindano, nikaaga kwa kuuelekea uzio. Mwita alinipungia kifimbo. Hakulia. Nilitembea mpaka barabarani katika ndala za kuazima, fupi kwa vidole viwili, nikijiambia kwamba vumbi la Kisaka ni kali sana kwa macho.

Bomani, saa kumi jioni. Mke wangu alikuwa barazani ananingoja, siku mbili nzima baada ya siku niliyoagizwa kurudi. Akanitazama miguuni. Akaichukua kanga mkononi mwangu, akainusa, akajua amri niliyoivunja mama yake ameitengeneza kwa sabuni.

"Alilia?" akauliza.

"Kidogo tu, pale barabarani."

"Sikuulizi habari zako. Mwita."

Nikamweleza yote, kuanzia ndama mpaka punda. La kijana wa Geita sikumweleza. Lakini naona alikuwa na kijana wake wa Geita kichwani, maana wiki ile aliulizia mara nyingi kama Mwita alikuwa anamtaja. Nami nilishona sare za shule mpaka mikono ikauma, na pazia la dirishani nikalibadilisha, nikaweka zito.

Wiki ya pili ilipokwisha, baba mkwe alikuja mjini na watoto. Tulisikia sauti ya Ghati kabla hatujawaona, akiwaeleza vijana wa bodaboda habari za pundamilia. Mama Ghati alikuwa amevaa gauni lenye kola mpaka shingoni, nililomshonea kwa kazi hiyo, vifungo nyuma. Alisimama mlangoni, hakwenda mbele. Mwita alishushwa chini. Akamtazama mama yake muda mrefu, na mimi nikalikumbuka lile neno mjomba, nikashika meza ya cherehani, niliyokuwa nimeihamishia nyumbani siku hiyo.

Akaja akitembea, si mbio. Mama yake akaketi kizingitini, naye akampanda mapajani. Mwita hakushika kifungo chochote. Alimshika mama yake mashavu kwa mikono miwili, akamgeuza uso ili asikilizwe vizuri.

"Mama," akasema. "Punda."

Akaendelea kumsimulia, dakika kumi, kwa neno hilo moja na mikono: maji, ndama, kifimbo, ndala iliyokwenda na maji. Hapo nikaelewa kwamba mtoto akiacha ziwa hamwachi mama. Anabadilisha tu alichomfuatia. Zamani alimjia na njaa, sasa anamjia na habari. Nilikaa kwenye kiti changu cha ushonaji, nikatega sikio, nikingoja afike kwangu na mimi nisimuliwe. Alilala kabla ya zamu yangu.