Maua ya Mama Mdogo Hadija

Harufu ya pasi ya moto juu ya rangi iliyokauka karibuni haifanani na harufu nyingine yoyote. Ina kitu cha plastiki, kitu cha sabuni, na kitu kama cha chapati iliyosahaulika kidogo kwenye kikaango. Juzi nilikuwa napita karibu na chumba kimoja wanapofundishia ushonaji na uchoraji wa vitambaa, harufu hiyo ikanifikia kutoka dirishani, nami nikasimama pale barabarani na mfuko wangu wa viazi kama mtu aliyeitwa jina lake. Nikajikuta niko Biryogo, Kigali, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika nyumba yetu, siku zile ambapo hakuna kitambaa kilichokuwa salama.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na kibaraza chake hakikuwa mbali na msikiti. Mama alikaa nyumbani na sisi watoto. Mama Mdogo Hadija, mdogo wake mama, alitufikia wakati wa mvua akitokea Cyangugu, na sanduku lake la bati, uso umechoka. Mumewe alikuwa amempa talaka kwa sababu hakuzaa. Mimi hayo sikuambiwa. Niliambiwa mama mdogo amekuja kututembelea, na kwa kuwa alinipa pipi, sikuuliza zaidi.

"Nitakaa kidogo tu, dada," alimwambia mama hata kabla ya kuvua viatu. "Nipumzike, kisha nitafute njia."

Siku za kwanza alikaa pembeni ya kila kitu. Alikula kidogo, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari, na mtu akiingia alisimama kumpisha, hata akiwa ni mimi. Baba akirudi kutoka kazini, yeye alitoka kwa mlango wa uani.

Halafu asubuhi moja mama akatoa mapazia yetu meupe ya sebuleni, akayatandaza mezani, akasema kwa huzuni kubwa kwamba anayaonea aibu, yamekaa kama sanda. "Hadija, wewe si ulikuwa unachora vitambaa kule?"

Ndipo tukaona kilichokuwa ndani ya sanduku. Zamani Mama Mdogo alikuwa akifanya usafi kwenye zahanati, na picha za eksirei zilizotupwa alikuwa akizichukua, akizikata kwa wembe kwa uangalifu, mpaka zinakuwa violezo vya maua, majani na ndege. Unaweka kiolezo juu ya kitambaa, unagonga rangi kwenye matundu yake, unakiinua, na ua linabaki. Lakini ukikishika kiolezo kuelekea dirishani unaona ua katikati, na kulizunguka, mbavu za mtu. Kimoja kilikuwa na mkono mzima wenye vidole vyote. Mwenye mbavu tulimwita Mzee Mbavu, mwenye mkono tukamwita Bibi Vidole, na tulibishana sana kama Mzee Mbavu anajua, huko aliko, kwamba kifua chake kinatengeneza mapazia kwetu.

Kazi yangu ilikuwa kukandamiza kona za kiolezo kisiteleze. Mama Mdogo hakutumia brashi. Alikata vipande vya sponji ya godoro, akachovya ncha tu, akagonga taratibu, tap, tap, tap, kama anayembembeleza mtoto alale. "Rangi ikizidi inapita chini," aliniambia, "na ua linaota ndevu." Rangi ikikauka, alifunika kitambaa kingine juu yake na kupitisha pasi ya mkaa, ili hata sabuni isiiondoe. Hapo ndipo ile harufu ilipojaa nyumba nzima.

Mapazia yalipoisha Mama Mdogo alisema, "Sasa dada, naona nimewasumbua vya kutosha."

"Na mashuka je?" mama akauliza, akifungua kabati. "Yatakaa hivyo, wakati mapazia yamevaa?"

Baada ya mashuka zikaja foronya. Baada ya foronya, vitambaa vya makochi, kitambaa cha kufunika redio, na mbeleko ya mdogo wangu. Kila Mama Mdogo alipotaja safari, mama alipata kitambaa kingine kilichokuwa kinateseka kwa weupe. Niliamini kabisa kwamba mama yangu amerukwa na akili kwa kupenda maua.

Baba alinung'unika. Alishika kikombe chake cha chai hewani, akatafuta pa kukiweka. "Mama Salima, hii ni nyumba au bustani? Nikiweka kikombe nakanyaga maua." Mama Mdogo akisikia hivyo aliinamisha kichwa, na sponji yake ikagonga polepole zaidi.

Ikafika Ijumaa moja. Kitambaa cha kiti, chenye ua kubwa jekundu, kilikuwa kimetandazwa juu ya kiti cha baba kikauke. Baba alitoka kuoga, akavaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, akakaa kufunga viatu, akainuka, akaenda msikitini. Hakuna aliyemtazama mgongoni.

Jirani yetu Mama Uwimana, aliyeuza mkaa ng'ambo ya njia, aliingia mbio ameziba mdomo kwa kanga. "Yewe, Mama Salima! Mzee iko na maua huku nyuma!"

Mama alikimbilia mlangoni, lakini baba alikwisha kupinda kona. Mama Mdogo alikitazama kiti, akaona rangi imetawanyika, akaelewa. Hakulia. Aliviosha violezo vyake kimoja kimoja, akavipanga sandukuni, akalivuta sanduku mpaka mlangoni.

"Leo shemeji atanifukuza," alisema, "na atakuwa na haki."

"Kaa chini, Hadija."

"Dada, bora nitoke kabla sijatolewa."

Mimi nililia kwa niaba ya wote.

Baba alichelewa. Alipitia kwanza kibarazani kwake, na alipotokea alikuwa amejifunga koti la watu kiunoni kama msusi aliyejifunga kanga, na kwapani amebeba jora zima la marekani nyeupe. Alisimama mlangoni kwa sababu sanduku lilimzuia kupita.

"Safu yote ya nyuma yangu," alisema polepole, "imesujudu ikitazama waridi."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Akaliangalia sanduku kwa muda, kisha akamtazama Mama Mdogo, nadhani kwa mara ya kwanza usoni moja kwa moja.

"Shemeji, safari ya wapi?"

"Nisamehe, shemeji. Mimi..."

Baba aliliruka sanduku, akalibwaga jora mezani, vumbi la pamba likatimka. "Na hili nani atalichora? Halina hata ua moja. Unataka kuniachia hivi hivi?"

Mama Mdogo alikaa juu ya sanduku lake, akacheka, akalia, akacheka tena, mpaka sisi watoto tukashindwa kujua tumfuate upande gani.

Jora lile lilimchukua mpaka kiangazi. Wanawake walioleta nguo kwa baba walianza kuuliza habari za vitambaa vile, na baadaye hata mabibi wa Kiyovu, mtaa wa matajiri, walituma watu. Mama Mdogo alipoondoka kwetu aliondoka mchana, akicheka, kwenda chumba chake mwenyewe huko Nyakabanda, na wasichana wawili wa kuwafundisha. Yaliyoupata mji wetu baada ya hapo kila mtu anayajua, na leo sitayagusa. Sisi tulibaki hai. Yeye pia alibaki.

Mwaka jana nilimuuliza mama, ambaye sasa ni bibi wa watu, kama bado anapenda maua vile.

"Mimi?" Akaweka chai chini. "Yale maua yalinitia kizunguzungu. Nilikuwa nafumba macho nikiingia sebuleni."

"Sasa kwa nini kila siku ulikuwa unatoa kitambaa kingine?"

"Angekaaje bila kazi? Kila tonge lilikuwa linamkwama. Na si mimi niliyefikiria. Ni baba yako. Jioni ile ile aliyofika Hadija, aliniambia, huyu asijione mgeni wa kuhurumiwa, mtafutie kitu ambacho bila yeye hakifanyiki."

Nikamkumbusha jinsi baba alivyonung'unika juu ya kikombe chake.

"Ah, kunung'unika kulikuwa kwa kweli," mama akasema. "Hata yeye maua yalimchosha vibaya sana."

Baba hayupo tena nimuulize. Lakini tangu siku ile namwona upya, mwanamume aliyependa kitambaa cheupe kilichonyooka, akikaa kila jioni katikati ya maua asiyoyapenda, akisubiri shemeji yake ainue kichwa.