Dirisha la Amri la Mke Wangu

Mke wangu alijifunza kuandika programu za kompyuta kutoka kwangu, nami nilipenda watu walijue hilo.

Tulipooana nilikuwa natunza kompyuta za ofisi moja hapa Voi. Yeye alikuwa akitengeneza tovuti za nyumba za wageni, zile za picha za ndovu wekundu kwa vumbi na bei ya kulala. Akikwama aliniita, "Hebu njoo uone hapa," nami niliacha chai yangu nikaenda. Hiyo ndiyo ndoa niliyoizoea.

Nilikuwa pia na kazi yangu ya moyoni. Watu wa kompyuta wana dirisha lisilo na picha wala vitufe. Unaandika amri kwa maneno, nayo kompyuta inakujibu kwa maneno. Sisi huliita terminal. Nilikuwa najitengenezea langu kwa lugha ngumu ya zamani ya kompyuta, na huo ulikuwa mwaka wa nne. Lilikuwa jepesi, lilifunguka kufumba na kufumbua, na hakuna mtu aliyewahi kulitumia isipokuwa mimi.

Kisha mke wangu akapewa darasa kwenye chuo kimoja cha ufundi mjini. Siku ya kwanza alirudi, akavua viatu, akajitupa kitini.

"Wanaliogopa lile dirisha," alisema. "Wengine wametoka Marungu, wengine kwetu Mghange, hawajawahi kugusa kompyuta. Herufi ni ndogo, kumejaa weusi mtupu, na mtu akikosea analetewa sentensi ya Kiingereza asiyoielewa. Mmoja ameniuliza kama ameiharibu mashine."

"Watazoea. Sisi tulizoea."

"Wewe ulizoea," akasema.

Wiki chache baadaye, Jumamosi baada ya chakula cha mchana, aliniita. Nilienda nikidhani amekwama. Kwenye kioo kulikuwa na dirisha la amri, lakini si kama nililolijua. Kila amri ilikaa na jibu lake ndani ya kisanduku. Herufi zilikuzwa kwa kidole. Alikosea jina la faili kwa makusudi, na chini yake kukatokea maneno ya rangi ya machungwa: "Sijaona faili yenye jina hilo. Hebu angalia herufi zako."

"Umetumia nini?" nikamuuliza.

"Vitu vyangu vile vile vya tovuti. Ndani ni kivinjari, kile kile cha kufungulia tovuti, ila nimekificha."

Nikacheka. "Mama watoto, hii ni tovuti iliyovaa koti. Tena itakula kumbukumbu ya kompyuta kama ng'ombe aliyeingia shamba la mahindi."

"Najua," alisema bila kukasirika. "Lakini si koti limeikaa vizuri?"

Lilikuwa limeikaa vizuri. Hilo ndilo lililoniuma.

Aliiweka programu mtandaoni, anayetaka aichukue bure. Nilidhani itaoza huko kama yangu. Badala yake watu wakaanza kumwandikia. Mwalimu wa Tanga alimshukuru. Mtu wa nchi ambayo nililazimika kuitafuta kwenye ramani aliitafsiri kwa lugha yake. Mke wangu alinisomea barua hizo tukila, sauti yake ikipanda kwa furaha, nami nikaanza kuuchukia mlio wa simu yake. Hata mama mkwe, aliyezoea kupiga simu kuuliza kama kabichi alizotuma zimefika, sasa aliniambia, "Nasikia mtoto wangu ametengeneza dirisha, watu wa mbali wanaangalia." Mimi nilikuwa na dirisha miaka minne, na hakuna aliyempigia mtu simu kwa ajili yake.

Siku moja ya Jumanne, yeye akiwa darasani, niliketi kwenye kompyuta yake nikatafuta kasoro. Niliipa programu amri ya kuorodhesha kila faili iliyomo ndani ya mashine. Mistari ikamiminika, halafu ikaganda. Nikairudia mara mbili zaidi, ikaganda vile vile. Nilielewa mara moja. Yeye alikuwa anaugeuza kila mstari kuwa kipande cha ukurasa wa tovuti, na ukurasa ulikuwa umelemewa. Dawa yake niliijua pia: chora ile mistari inayoonekana tu, mingine iache ikingoja.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilizima kila kitu, nikapika wali, na aliporudi sikusema neno.

Mwezi huo chuo kilialika walimu wa sehemu nyingine waje waione programu. Akaniomba nimsindikize, nikavaa shati la Jumapili. Mlangoni mkuu mpya wa chuo, ambaye alikuwa bado hajakutana na mke wangu, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Hongera sana, mwalimu. Kazi yako imetusaidia."

Ilikuwa rahisi kusema kazi ni ya huyu hapa. Nikasema, "Asante." Mke wangu alikuwa nyuma yangu na mfuko wa kompyuta begani. Alimsalimia mkuu, akajitambulisha mwenyewe, na yule mzee akacheka kwa haya. Mke wangu hakunitazama.

Ndani alieleza vizuri. Kisha mwalimu mmoja wa Taveta akaomba ajaribu, akaandika amri ile ile yangu. Kioo kikaganda mbele ya chumba kizima. Mtu nyuma akaguna. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha pili, nina dawa mdomoni, na sikuufungua mdomo.

Mke wangu alikuna shingo. "Imekwama," alisema. "Sikuijaribu kwa mzigo mkubwa hivi. Nitaitengeneza, na nitawaandikia nikimaliza." Akaiwasha upya, akaendelea. Walimpigia makofi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, vumbi jekundu likitupanda mpaka magotini. Tulipopita reli akasema, "Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Baba watoto, programu yangu huweka kumbukumbu ya kila amri. Niliiona jana. Jumanne, mimi nikiwa darasani, kuna mtu aliyeigandisha mara tatu. Nilidhani utaniambia. Nilingoja chakula cha jioni, nikangoja asubuhi."

Nilitafuta uongo nikaukosa. "Niliona kijicho," nikamwambia. "Nilitaka ianguke."

Kwenye kona ya duka la mbolea alisimama. "Ungeniambia unaona kijicho, ningekuelewa. Lakini kuniacha nisimame pale!"

Usiku huo nilimweleza dawa yote. Alinisikiliza, akanishukuru kama anavyomshukuru mtu wa duka, na hakuniruhusu nishike kibodi. Aliitengeneza pamoja na yule mtafsiri wa nchi ya mbali, ambaye kumbe alijua dawa hiyo hiyo na zaidi. Walizungumza siku nne kwa simu. Nilimsikia mke wangu akicheka chumbani, akimwambia mtu nisiyemjua, "Hebu njoo uone hapa," na nilikaa jikoni na chai yangu, roho ikiniwaka.

Siku ya tano nilimwendea. "Kuna kazi yoyote iliyobaki?"

Aliinua macho kutoka kwenye kioo. "Ile sehemu ya kuisakinisha kwenye kompyuta kuukuu za chuo inasumbua. Ni kazi chafu. Hakuna anayeitaka."

Niliichukua. Ilinichukua jioni za wiki tatu, na nilijifunza vile vitu vya tovuti nilivyovicheka, nikimuuliza yeye. Nilipokosea alinionyesha mara moja tu, halafu akasema nisome mwenyewe. Dirisha langu la miaka minne bado sijalimaliza. Barua zinazidi kumjia, na zikija, bado kitu hunibana kifuani kabla sijasema hongera. Siku hizi humwambia kinapobana. Jana alijibu, "Sawa, nimesikia. Sasa angalia ile mashine ya tatu ya chuo, imekataa tena."