Mume Wangu Alikimbia Mwaka wa Njaa

Mume wangu alikuwa anakula kuliko mwanamume yeyote niliyewahi kumpikia. Nilipoolewa kwao, upande wa Sepuka, Singida, nilidhani mama mkwe ananitania aliponionyesha chungu kimoja kikubwa pale jikoni.

"Hiki ni cha mwanangu peke yake," alisema. "Sisi wengine tuna chetu."

Nikatabasamu kwa adabu ya bibi harusi. Jioni ile mume wangu akarudi kutoka kwenye mbio zake, jasho limemkaukia mgongoni likabaki chumvi. Akakaa chini, akala ugali wa uwele kwa mlenda, akashushia kibuyu cha maziwa ya mgando, kisha akatazama upande wetu wanawake kuona kama kuna kilichobaki. Na bado alikuwa mwembamba. Mbavu zake ungeweza kuzigusa moja moja. Nilijiuliza kile chakula kinakwenda wapi.

Kilikuwa kinakwenda barabarani. Miaka michache baada ya uhuru alikuwa amepelekwa kwenye kambi ya vijana ya kujenga taifa, na huko walikimbizwa kila asubuhi huku wakiimba. Wenzake walinung'unika. Yeye, alivyonieleza, aligundua kwamba pale wenzake wanapochoka ndipo mwili wake unapoanza kuchangamka. Alirudi nyumbani na tabia hiyo. Kukipambazuka alikuwa ameshaondoka, anapita kwenye mashamba ya watu, anatokea njia kuu, anakwenda hadi anapoona pametosha, anarudi jua limeshapanda. Wazee mwanzoni waliuliza kumefiwa wapi, maana kwetu mtu mzima hakimbii hivyo bila kubeba taarifa ya msiba.

"Hakuna msiba," mama mkwe aliwajibu. "Anakimbia tu."

"Anakimbia tu?"

"Ndiyo. Halafu anarudi anakula."

Tulikuwa na ng'ombe wakati huo, na kihenge cha uwele kilichoweza kutufikisha mavuno mengine. Hakuna aliyemsema kwa chakula. Nilisaga kwenye jiwe mpaka mikono ikaota sugu, lakini sikuona ni mzigo. Aliposhinda mbio za wilaya akapewa blanketi na jembe, na mama mkwe akalitandaza lile blanketi uani siku nzima ili wapita njia walione. Bwana michezo wa wilaya alikuja mwenyewe kwa baiskeli. Alikuwa kijana mwenye maneno mazuri. Alinywa maziwa yetu, akasema taifa changa linataka watu kama huyu, na kwamba akiendelea atachukuliwa kambi ya timu ya taifa, ambako wakimbiaji wanakula nyama kila siku, na baadaye hutafutiwa kazi.

"Ila ndugu, ule vizuri," alimwambia. "Mbio ndefu ni tumbo."

Mume wangu alicheka. Hilo halikuwa na shida wakati ule.

Kisha tukaambiwa tuhame. Nyumba yetu ya tembe ilikuwa imekaa peke yake kama nyumba zote za kwetu, kila mtu na mashamba yake na ng'ombe wake. Sasa wote tulitakiwa tukae pamoja kwenye kijiji kipya, kwa mstari, ili tupate shule, zahanati na maji ya bomba. Waliokuja kutuhamisha waliezua paa, udongo ukaanguka ndani, na mama mkwe akasimama nje akiwa amekumbatia mawe ya kusagia kama mtu amebeba watoto mapacha. Tulipakiwa kwenye lori. Bomba lilikuja baada ya miaka mingi. Zahanati ilijengwa. Shamba la zamani, lenye rutuba tuliyoitia kwa samadi ya vizazi, lilibaki mbali, ikawa kwenda na kurudi ni nusu ya siku.

Mwaka huo mvua zilinyesha kidogo, zikakata. Uwele ulitoa masuke ukakauka bila punje. Ng'ombe wakakosa malisho karibu na kijiji, wakaanza kufa, na wachache waliobaki tuliwabadilisha kwa nafaka iliyoisha haraka. Baadaye serikali ikaleta mahindi ya njano. Yaligawiwa kwa kaya, kipimo kimoja kwa wote, na mgawaji hakuuliza nani ndani ya nyumba ana mwili wa namna gani.

Mume wangu hakuacha kukimbia.

Nataka nieleze hili vizuri, maana watoto wangu hawakunielewa nilipowasimulia. Siku hizi watu wa mjini wanakimbia ili wapungue. Mjukuu wangu ana simu inayomwambia amechoma kalori ngapi, naye anafurahi namba ikiwa kubwa. Kwetu mwaka ule, kila hatua aliyokimbia mume wangu ilikuwa tonge lililotoka kwenye sahani fulani, na wote tulijua ni sahani ya nani.

Nilimwambia. Alikuwa anafunga kamba za viatu vyake vya matairi, nami nina mtoto mgongoni ambaye maziwa yangu yalikuwa hayamtoshi.

"Baba, pumzika mpaka mvua zirudi," nilisema. "Miguu haitaondoka."

"Bwana michezo amesema mbio za kuchagua timu ni kiangazi hiki. Mvua zikirudi watakuwa wameshachagua."

"Na ukidondoka njiani?"

Alikaza fundo la kamba. "Ng'ombe wamekwisha," akasema. "Nyumba wameibomoa. Shamba liko kule. Niambie, kitu gani changu kimebaki zaidi ya hii miguu? Wakinichukua kambini, mtakula mgao wangu, na mshahara ukija nitawatoa hapa."

Aliondoka, nami nikatazama kisogo chake mpaka kikapotea kwenye vumbi.

Mama mkwe alikuwa na njia yake. Alianza kusema meno yanamuuma. Kila tukikaa kula anamega tonge moja, analizungusha mdomoni, kisha anasukuma sahani yake kwa mwanawe. "Maliza, mimi siwezi." Mume wangu alikuwa na njaa ya kupofusha macho, na alimaliza. Mimi nilimwona yule mama mchana akitafuna majani ya mwituni bila kulalamikia jino lolote. Nikamwambia mume wangu waziwazi mbele ya mama yake, kwa sababu sikuweza kuvumilia tena.

"Mama haumwi meno. Anakupa chakula chake."

Mama mkwe alinigeukia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona. "Mwanangu huyu nilimnyonyesha miaka miwili," alisema. "Leo ndiyo unataka kunifundisha kumlisha?"

Mume wangu akaweka chini tonge alilolishika. Tangu siku hiyo aligoma kupokea kitu kwa mama yake. Alikula mgao wake tu, uji asubuhi na ugali mdogo wa njano jioni, lakini umbali hakuupunguza. Mama mkwe naye, kwa ukaidi, aliendelea kubakiza chakula chake kwenye sahani, kikapoa, kikawa kigumu, mpaka mimi nikakisaga upya na kumpa mtoto. Hivyo ndivyo tulivyoishi, watu watatu tunasukumiana sahani.

Mwili wa mume wangu ulianza kujila. Kwanza mapaja yalipungua, kisha mashavu yakaingia ndani. Akawa anasikia baridi juani, anakaa na lile blanketi la ushindi mabegani saa saba mchana. Alikuwa mtu wa mizaha, akawa anakasirikia kuku. Nilimlazimisha aende zahanati. Mganga alikuwa mtu mzima mwenye huruma. Alimpima, akamtazama macho na ulimi, akamwambia avae shati.

"Ndugu, sina dawa ya kukupa, kwa sababu huumwi," alisema. "Unatoa kuliko unavyoingiza. Asubuhi moja ya mbio zako inamaliza chakula unachokula siku nzima, na bado hujaenda shambani. Mafuta yamekwisha. Sasa unachoma nyama yako mwenyewe."

"Nikila zaidi nitapona?"

Mganga alitazama mlangoni, ambako kulikuwa na foleni ya kina mama wenye watoto waliovimba miguu. "Ungekula zaidi, ndiyo," alisema.

Mbio za kuchagua timu zilipangwa kuanzia Ikungi hadi Singida mjini. Usiniulize alipata wapi nguvu za kufika Ikungi. Nilikwenda naye, mtoto nikamwacha kwa mama mkwe. Pale pa kuanzia palijaa watu, vijana wa kila wilaya, wengine wa shule, wengine askari wa magereza na wa jeshi, wenye mapaja yanayong'aa. Bwana michezo alimsalimu mume wangu, akamtazama mara ya pili. Kisha akaniambia naweza kupanda lori litakalofuata nyuma kuokota wanaoshindwa.

Kwa hiyo niliziona mbio zile zote kwa nyuma.

Mwanzoni alikuwa na wale wa mbele. Sikumwona, niliambiwa na watu wa barabarani. Tulipopita vijiji vya mwanzo lori lilikuwa limeshaokota vijana kadhaa, wamekaa sakafuni wanatema mate. Baada ya hapo nilianza kumwona kwa mbali, shati lake limeshikana na mgongo, na kila tukipanda kilima kidogo alikuwa karibu zaidi na sisi. Wengine walikuwa wanampita. Hakuwa ameumia wala hakuchechemea. Miguu ilikwenda vilevile kama nilivyoizoea, ila ilikuwa haimpeleki. Karibu na Puma hakukuwa na mtu tena kati yake na lori. Dereva akaweka gia ndogo. Niliona mifupa ya mabega yake ikipanda na kushuka chini ya shati.

Bwana michezo alitoa kichwa dirishani. "Ndugu, panda! Inatosha!"

Hakugeuka.

"Mwambie mumeo apande," akanipigia kelele.

Nilisimama nikashika ubao wa lori. Nilitaka kumwita, na nilitaka kunyamaza. Nikamwita kama tunavyowaita akina baba wa watoto wetu. "Baba! Njoo."

Akakimbia kidogo tena. Kisha akatembea. Kisha akasimama katikati ya barabara, mikono imening'inia, anatazama mbele kule mjini kama mtu aliyesahau alitumwa nini. Lori likasimama. Niliinama nikampa mkono, nikavuta, na nilikuwa nimejiandaa kwa uzito wa mwanamume. Almanusura nianguke chali. Alikuja juu kama tita la kuni kavu.

Lori likatufikisha mjini. Pale uwanjani walikuwa wamepika wali na nyama kwa wakimbiaji wote, washindi na walioshindwa. Alipewa sahani iliyojaa, ile aliyoiota mwaka mzima. Alikula matonge mawili, akatapika kando ya ukuta. Akajaribu tena, akatapika tena. Nikafunga ile nyama kwenye kitenge. Majina ya waliochaguliwa yalisomwa tukiwa tunatoka. Sikugeuka kusikiliza, wala yeye.

Mama mkwe alikuwa amelala tulipofika nyumbani, mtoto ubavuni mwake. Sikujua kama alikuwa amedhoofika kiasi hicho tangu tulipomwacha, au ni mimi niliyekuwa nimezoea kumwona. Nilimwamkia, shikamoo mama, akaitikia. Hakuuliza kama mwanawe ameshinda.

"Amekula?" aliuliza.

"Amekula, mama," nilisema. "Wali na nyama."

"Vizuri." Nikampa ile nyama niliyoileta. Aliinyonya kidogo, akairudisha kwenye kiganja changu. Safari hii alikuwa hawezi kweli.

Alifariki wakati uwele mpya uko kijani, mvua zimerudi, majani yamejaa kila mahali kana kwamba hakuna lililotokea. Wanaume waliochimba kaburi walipumzika mara nyingi, kwa sababu nao walikuwa hawana nguvu. Mume wangu alishika jembe alilopata kwa ushindi wake, akachimba kidogo, akaomba mwingine achukue.

Watu walisema akila atarudi kuwa yule wa zamani. Mavuno yalikuja na tulikula. Mimi nilinenepa, mtoto alinenepa. Yeye alipata nyama kidogo usoni, lakini moyo ulimdunda hovyo akipanda hata ngazi ya zahanati, na miguu ilivimba jioni. Kwenye shamba la kijiji kila mtu alipangiwa kazi. Kulima hakuweza. Wakampa kazi ya kufukuza ndege kwenye mtama, kazi ya watoto na wazee, anakaa juu ya kichanja na kombeo na debe la kupigia kelele. Alikuwa hajafika miaka thelathini na tano.

Hakuwahi kuitaja tena ile barabara. Vijana wa shule walipopita asubuhi wakikimbia na kuimba, alikuwa anatazama chini, anatafuta jiwe la kutia kwenye kombeo. Mara moja nilimpelekea uji pale kichanjani. Kwelea walikuwa wametua upande wa pili wa shamba, wengi, mtama unainama kwa uzito wao, naye amekaa.

"Ndege wanakula," nilimwambia.

"Nimewaona."

"Huwafukuzi?"

"Waache wale kidogo," alisema. "Nitapiga debe nikipata pumzi."

Nikamwachia kibuyu cha uji kwenye ngazi ya kichanja, nikarudi kupalilia na wenzangu. Nilipopita jioni kukichukua, yeye bado amekaa juu anawatazama ndege, uji ulikuwa umejaa vilevile, na nzi wameelea juu yake.