Mizunguko Mitatu Juu ya Boma la Baba

Rubani aliniuliza kilo zangu mbele ya watu. Yaani tumesimama pale uwanja wa ndege Kisumu asubuhi, fundi anafuta kioo, na yeye na kidaftari mkononi, "Mama, kilo ngapi?" Nikamwambia andika sabini. Akanitazama kutoka chini hadi juu, akacheka. "Mama, ndege hii ni ndogo, haidanganyiki. Panda mzani." Nikapanda. Alichokiona amekiweka siri mpaka leo, na namshukuru.

Rubani huyo alikuwa mteja wangu. Alizaliwa hapa hapa Kisumu, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kinanifanya nichague maneno. Alikuwa anarusha ndege ya tajiri mmoja, ya viti vinne tu, na kila akitua alikuja moja kwa moja hotelini kwangu mtaa wa Nyalenda kula samaki. Mtu akila mkononi mwako miaka mitano mnakuwa ndugu. Siku moja akaniambia tajiri amesafiri, ndege haifai kukaa chini wiki nzima bila kuruka, kwa hivyo Jumamosi ataizungusha kidogo na kiti kiko. "Unataka kwenda wapi, Mama?"

Sikufikiri hata. "Asembo Bay. Juu ya boma la baba yangu."

Sasa lazima niseme habari za baba. Alikuwa mvuvi, na alinisomesha ualimu kwa mgongo wake. Nilifundisha miaka minne nikaacha, nikafungua jiko. Sikuacha kwa ujinga. Nilipenda moto, nilipenda kuona mtu mzima akilamba vidole na kusahau shida zake. Baba hakutaka kusikia. Na mzee huyo alikuwa na adhabu yake: hakuwahi kunitukana, alikataa tu kula chakula changu. Nikienda nyumbani nikapika, anasema ameshiba. Nikitoka tu jikoni, namsikia anamwomba mke wa kaka yangu uji. Miaka kumi na moja! Mbele ya watu nilikuwa nafanya mzaha kwamba baba ana tumbo la kizungu, lakini iliniuma, sitadanganya. Na macho yake yalikuwa yanaisha, anaona vivuli tu. Nilitaka, kabla hayajazima kabisa, ajue kwamba lile jiko alilolidharau limenipandisha hewani. Hicho ndicho nilichokuwa natafuta, mengine yote ni maneno.

Nikampigia mke wa kaka yangu, maana yeye ndiye aliyekaa na mzee. "Jumamosi saa tatu mtoe mzee nje, mketishe pale mbele ya nyumba. Kuna kitu kitapita."

"Kitu gani, Dada?"

"Wewe mtoe tu. Maswali ya nini?"

Kumbe saa tatu ilitukuta bado chini. Wingu lilikuwa limelala ziwani na rubani hakuwa mtu wa kuharakishwa. Tukaruka karibu saa nne na nusu. Aliniambia nizime simu, nikazima. Akanifunga mkanda, akanivisha vile vya kusikilizia masikioni, akafunga mlango ambao, wallahi, mlango wa kabati yangu ya vyombo ni mzito kuuliko. Injini ikaanza kutetemeka na mimi nikaanza kutubu. Nilitubu dhambi hata za watu wengine. Halafu ardhi ikatuachilia, na nikasikia mtu anapiga kelele za Kijaluo, "Yawa! Yawa!" Nilikuwa mimi.

Nilipofungua macho, Kisumu yote ilikuwa chini ya goti langu. Nilitafuta paa la hoteli yangu kati ya mabati ya Nyalenda nikalikosa, nikakasirika, maana nilikuwa nimelipaka rangi ya buluu makusudi. Kumbe kila mtu amepaka buluu. Ziwa kando kando lilikuwa kijani kwa magugu, mbele zaidi rangi ya chai ya maziwa, na mbali kabisa buluu ambayo ukiwa ufukweni huioni. Kilichonishangaza ni kwamba nililiona ziwa bila kulinusa. Nimezaliwa na ile harufu puani, na sasa hakuna, ni petroli tu.

Tukapita Kisian. Pale barabara inapogawanyika, mama yangu alikuwa akishuka garini na beseni la omena kichwani, dagaa wa kuuza Kisumu, mimi nyuma yake nimeshika leso yake nisipotee, tunangoja gari jingine mpaka miguu inakufa ganzi. Siku nzima iliisha hivyo, kwenda na kurudi. Nilihesabu kidogo tu na Kisian ikawa imeshabaki nyuma. Mama amelala kaburini Asembo miaka mingi. Nilimtamani sana pale juu, nilitamani awe kiti cha nyuma na beseni lake, aone jinsi njia yake ilivyo fupi. Machozi yakanitoka na rubani akajifanya anaangalia mishale ya vipimo vyake.

Boma letu nililijua mara moja. Ua wa miti ya utupa, lango, nyumba ya mama ikitazama lango, na ya kaka yangu upande. "Zunguka mara tatu," nikamwambia rubani.

"Tatu? Mbili zinatosha, Mama."

"Tatu, nimesema. Na ushuke kidogo." Nilikuwa nimewahi kuona ndege ikifanyia boma la mtu mkubwa hivyo, na ilinipendeza sana.

Mzunguko wa kwanza, nikaona watu wanatoka. Wa pili, wanawake wanakimbia kutoka ufukweni, wameacha omena wao kwenye nyavu, mikono kichwani. Wa tatu, boma limejaa, mtu mmoja anajitupa chini. Nikalia kwa furaha. "Ona wanavyonishangilia!" Nikapunga mkono mpaka kidirisha kikapata ukungu.

Tulipotua niliwasha simu. Ilianza kulia kabla sijairudisha mkobani.

"Nani anashika simu ya marehemu?" Alikuwa mke wa kaka yangu, sauti imekauka.

"Marehemu gani? Ni mimi!"

Akapiga yowe. Akaita jina langu mara nne. Halafu, kati ya kilio na hasira, akanieleza. Alimtoa mzee saa tatu, wakangoja, hakuna kitu, akamwacha pale akaenda kuanika omena. Ndege ikaja. Na mimi mpishi mjinga nilikuwa nimesahau kwamba yule mtu mkubwa, siku ile ndege yake ilipozunguka boma mara tatu, alikuwa ndani ya jeneza. Ndivyo alivyoletwa aage nyumbani kabla ya kutua Kisumu. Tangu siku hiyo, kwetu ndege ikizunguka boma mara tatu imeleta maiti. Jirani alihesabu, akauliza mzee huyu ana nani mjini, akapiga nduru. Wakanipigia, simu imezimwa. Basi, nikawa nimekufa.

"Baba yuko wapi?"

"Si huyo unamsikia?"

Nikasikiliza. Kwetu, aliyefiwa hulia huku akimsifu marehemu wake, tena kwa sauti, kijiji kisikie. Baba alikuwa ananisifu. Sauti ile ya kizee, imevunjika katikati. "Mwanangu mpishi! Mwanangu uliyeshibisha Kisumu nzima! Nilikuwa nanusa mchuzi wako nikameza mate, kiburi changu kikanifunga mdomo. Nani sasa atanipikia mimi?"

Nilikaa chini pale pale kwenye lami. Rubani akauliza kuna nini, nikampungia mkono angoje.

"Mpe Baba simu," nikamwambia mke wa kaka yangu.

Ilichukua muda, maana watu walikuwa wamemzunguka. Halafu nikasikia anavyopumua.

"Baba, ni mimi. Niko mzima."

Akauliza:

"Na ndani ya ndege alikuwa nani?"

"Ni mimi, Baba. Nilikuja kukusalimia."

"Ulikuwa umelazwa?"

"Nilikuwa nimeketi. Kiti cha mbele."

"Umeketi," akasema. Akarudia kwa watu waliokuwa pale, "Anasema alikuwa ameketi." Nikasikia kicheko, na vilio vingine vikaanza upya, vya furaha sasa. Alikohoa, akajisafisha koo kama mwanamume. "Sasa hawa watu wamejaa hapa, wamekuja kukulilia. Mtu aliyekuja matangani harudi na njaa. Njoo uwapikie."

Nilifunga hoteli, nikapakia sufuria zote na samaki wa siku ile, rubani akanipeleka kwa gari lake. Wanawake walinipapasa mwili mzima kabla ya kuniruhusu niwashe moto. Sahani ya kwanza nilimpelekea baba, nikamwekea mkononi, nikasimama pale nikimtazama. Alikula polepole. Alikula mpaka kichwa, akanyonya mifupa, akapapasa sahani kwa vidole kuhakikisha hakuna kilichobaki. Halafu akaninyooshea.

"Ongeza," akasema.