Fundo la Mpagazi Kwenye Kamba ya Tanga

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka viganja vinanitoka jasho, ingawa ni miaka mingi sasa, na ziwa tulimokuwa siku hiyo liko mbali na hapa mtaani Gongoni. Kaa nikusimulie, maana nimeona unavyopenda kuwasaidia watu bila kuwauliza.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa. Nilikuwa kijana, nafunga mizigo kwenye ghala la ushirika hapa Tabora: magunia ya tumbaku, madebe ya asali, chochote kilichopanda lori. Babu yangu alikuwa mpagazi wa misafara, akanirithisha fundo lake. Fundo hilo ukilivuta ndiyo kwanza linakaza. Barabara ya Puge ilikuwa na makorongo ya kutisha, lakini mzigo niliofunga mimi haukuwahi kudondoka, nami sikuwaacha watu wasahau hilo.

Nilikuwa nimemwoa Zuhura, huyu bibi unayemsikia jikoni, miezi michache tu. Baba yake mkubwa, Mzee Rajabu, alikuwa nahodha kule Ujiji, mwenye mashua ya tanga. Akatuita tukae naye wiki nzima, atutembeze kando ya ziwa, tule, tulale, tusishike kazi yoyote. Mama mkwe hakutaka. Zuhura hakujua kuogelea, wala mimi sikujua. Pale stesheni alinishika mkono akasema, "Huyu ndiye mtoto wangu wa pekee. Nirudishie." Nikaapa. Treni ilipopita Usinge bado nilikuwa nakiwaza kile kiapo.

Ziwa lilikuwa limetulia. Tulikwenda kusini, karibu na nchi kavu, milima ikitukinga na upepo, na kila alasiri tulitia nanga kwenye ghuba ndogo tukala migebuka, samaki wa ziwa lile, wa kuchoma. Zuhura alifurahi kupita kiasi. Mimi raha sikuionja. Nyumbani redio inahimiza kazi, na mimi nimelala chali kwenye mkeka kama sultani. Zaidi ya hapo, aliyeninyima amani ni baharia Hamisi, mtu wa makamo, ambaye kutwa nzima aliishika kamba ya tanga mkononi. Haifungi. Anaizungusha mara moja tu kwenye kigingi, anashika ncha yake, na soga zinaendelea. Nikawa navitazama vidole vyake. Akipiga chafya, nashtuka. Nilijiambia, siku ikimponyoka hiyo kamba, tumekwisha. Kumwuliza niliona aibu; mfunga mizigo mzima ataulizaje habari za kamba?

Siku ya nne, asubuhi, Hamisi aliniambia, "Ndugu, nishikie hii kidogo, niyatoe maji yaliyoingia." Siku zile kila mtu alikuwa Ndugu. Nikaipokea. Alipogeuka tu, nikaifunga kwenye kigingi kwa fundo la babu, nikakaa mbele ya kigingi ili asilione.

"Umeshika?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Nimeshika," nikasema. Kwa mara ya kwanza tangu Ujiji nikapumua vizuri.

Haukupita muda tukafika mbele ya bonde, na upepo ukashuka ghafla kutoka mlimani. Mzee Rajabu akasema, "Hamisi, achia." Hamisi akarukia kigingi, akakuta fundo. Akalivuta, likakaza. Nami nikalivuta, likakaza zaidi. Mashua ikalala ubavu, na Zuhura akateleza mpaka akawa majini hadi kiunoni, ameshika ukingo kwa mkono mmoja. Alinitazama tu, na mimi nilisikia sauti ya mama yake: nirudishie. Mzee Rajabu aliacha usukani, akaja na kisu cha samaki, akaikata kamba. Mashua ikainuka, tukamvuta Zuhura ndani.

Mzee akamgeukia Hamisi. "Miaka yote hii nimekuambia nini juu ya kuifunga kamba ya tanga?"

Hamisi akainamisha kichwa. Hakunitaja. Nilikuwa mgeni, na hakutaka kuniaibisha mbele ya mke wangu. Nami nikanyamaza, mwanangu. Nilinyamaza mtu akikaripiwa kwa kosa langu, na hilo linanichoma mpaka leo kuliko fundo lenyewe. Zuhura, nguo zinamchuruzika maji, alikivuta kikapu chetu cha safari akakiweka miguuni pangu. Nilikifunga mwenyewe Tabora, kwa fundo lile lile. Nikajua amelitambua.

"Baba, ni mimi," nikasema. "Niliogopa itamponyoka."

Mzee Rajabu aliurudia usukani, akaiweka mashua sawa. Kisha akasema, "Gunia halihitaji kupumua. Mashua inahitaji. Kamba hii tunaishika mkononi ili upepo ukizidi tuiachie, tanga liumwage. Mdomo ulikuwa nao, kwa nini hukuuliza?"

Nilimwomba Hamisi radhi. "Yamekwisha, Ndugu," akanijibu. "Lakini kwa kufunga, umefunga." Siku tatu zilizobaki kamba niliishika mimi, yeye kando yangu akinifundisha, mpaka viganja vikachubuka. Hofu haikuisha, ila sasa nilijua ninachokiogopa. Pale stesheni ya Tabora nilimweleza mama mkwe yote kabla hajaniuliza. Alimkumbatia mwanawe, na mimi hakunisemesha mpaka mwezi ulipoandama.

Basi nakuusia, mwanangu. Ukikuta mtu ameacha wazi kitu ambacho wewe ungekifunga, mwulize sababu kabla hujakigusa. Ukiogopa, sema naogopa, hakuna atakayekumeza. Na ukikosea, usimwache mwingine ainamishe kichwa kwa ajili yako, hata kwa muda mfupi kama niliomwacha Hamisi. Zuhura mpaka leo akiniona na kamba huniuliza, "Umemwuliza mwenyewe?"

Mungu akupe watu wa kuwauliza, na ulimi wa kuwauliza mapema. Na yeyote utakayeapa kumrudisha kwao, akujalie umrudishe mzima, hata kama amelowa.