Barua ya Kalemela na Draivu ya Z

Nilikuwa karani wa masjala katika kiwanda cha kuchambua pamba pale Bariadi, miaka ile ushirika ulipokuwa umeshachoka na pamba ikawa inanunuliwa na yeyote mwenye leseni na magunia. Kampuni iliyokinunua kiwanda ilirithi pia makabati ya ushirika. Ndani yake mlikuwa na mafaili ya maghala ya vijijini, ramani za viwanja, na barua za wazee waliotoa ardhi ili maghala yajengwe. Mchwa walikuwa wameanza kula pembe za karatasi, kwa hiyo meneja akaagiza kila barua ipitishwe kwenye skana, na kwa kila barua nichape ukurasa mmoja wa muhtasari: kijiji gani, nani aliandika, inahusu nini.

Kazi hiyo ilinichukua karibu mwaka mzima na niliipenda. Nilikuwa nimesoma kompyuta miezi mitatu Shinyanga, na pale kiwandani hiyo ilitosha kuitwa mtaalamu. Fundi wa kompyuta kutoka Mwanza aliniwekea programu ya kutafutia. Unaandika neno kwenye kisanduku, na kurasa zote zenye neno hilo zinajipanga mbele yako papo hapo. Alinieleza kwamba programu haisomi mafaili wakati unauliza. Inayasoma mapema, polepole, inajitengenezea faharasa ya maneno yote, na ukiuliza inaangalia kwenye faharasa tu.

Baadaye kompyuta yangu ilijaa. Fundi akaleta kompyuta kubwa, seva, ikawekwa chumba cha pili, na mafaili yakahamishiwa huko. Kwangu yalionekana chini ya herufi Z, kana kwamba yamo kwenye kompyuta ya mezani kwangu, kumbe yalikuwa yanakuja kwa waya kutoka ng'ambo ya ukuta. Mafaili ya vijiji vya Maswa niliacha nakala zake kwangu, kwa sababu nilikuwa bado nayasahihisha. Hayo ya Maswa ndiyo yaliyoniponza.

Kama miezi miwili baada ya mafaili kuhamishwa, alikuja baba mmoja kutoka Kalemela, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi. Alinisalimia kwa Kisukuma, tukaulizana habari za nyumbani, ndipo akasema shida yake. Baba yake aliwahi kutoa kiwanja lijengwe ghala la pamba, kwa barua yenye sharti: siku ghala likiacha kutumika, kiwanja kirudi kwa familia. Sasa ghala lilikuwa tupu na serikali ya kijiji ilitaka kujenga nyumba ya mwalimu pale. Nakala ya nyumbani iliungua pamoja na nyumba ya baba yake. Alitaka ya ofisini.

Niliandika Kalemela kwenye kisanduku. Hakuna. Nikaandika jina la baba yake, nikaandika ghala na sharti. Yakaja maghala ya Ipililo na vijiji vingine vya Maswa, kwa hiyo niliona programu inafanya kazi vizuri.

"Hakuna, baba," nilimwambia. "Ingekuwepo ningeiona."

Aliniomba niangalie tena. Niliangalia tena, kwa kisanduku kile kile. Akauliza kama naweza kuandika kwenye karatasi kwamba haikuonekana, maana kijijini watamuuliza. Nikamwandikia, nikagonga muhuri wa masjala. Alishukuru akaondoka.

Miezi miwili ikapita. Siku moja meneja alitaka barua ya ghala la Mwamanyili, ile iliyotaja kisima cha jirani. Niliikumbuka, maana mimi mwenyewe ndiye niliyeichapa. Niliandika Mwamanyili, nikapata sifuri. Nikaandika kisima, sifuri. Nikafungua draivu ya Z kwa mkono, folda baada ya folda, na barua ilikuwepo, imekaa mahali pake.

Mwanzoni nilidhani ni kosa dogo. Niliangalia kama nimekosea herufi. Nilichomoa waya wa mtandao nikauchomeka tena, nikazima kompyuta na kuiwasha. Nilimpigia fundi simu, akaniambia nifute faharasa yote ili programu ianze upya. Ilichukua siku mbili, kompyuta ikawa nzito kiasi kwamba kuchapa barua moja ilikuwa kazi. Mwisho ikaandika kwamba imekamilika. Nikauliza Mwamanyili. Sifuri.

Hapo nikafanya jaribio la kwangu. Nilichapa ukurasa wenye neno moja tu, michembe, nikijua hakuna mtu aliyewahi kuandika habari za viazi vikavu kwenye barua za viwanja. Nakala moja niliiweka kwenye kompyuta yangu, nyingine nikaiweka Z. Nilisubiri hadi baada ya chakula cha mchana, kisha nikauliza michembe. Ilikuja moja. Niliangalia imetoka wapi: ilitoka kwangu. Nikarudi kwenye majibu ya Ipililo niliyokuwa nikiyaamini, nikaangalia yalikotoka. Yote yalitoka kwangu.

Nilifungua mipangilio ya programu. Palikuwa na orodha ya mahali inaposoma, na orodha ilikuwa na jina moja, diski ya kompyuta yangu. Nilipotaka kuiongezea Z, ilikataa.

Fundi nilimweleza jaribio langu kwenye simu. Alisema programu ile haifanyi kazi kwa jina langu. Mimi nikifungua Z, seva inanitambua kwa nywila yangu. Programu inazunguka yenyewe, seva haiijui, na kwa vyovyote imetengenezwa kusoma diski za mashine ilimowekwa, basi. Dawa ilikuwa kuiweka programu kwenye seva kwenyewe, isome diski zake, kisha kompyuta yangu iwe inaiuliza seva. Angekuja wiki inayofuata.

Sikuweza kungoja wiki inayofuata. Nilifungua folda ya Kalemela kwa mkono. Barua ya baba yake yule mgeni ilikuwa ya tatu, na muhtasari niliuchapa mimi, na neno sharti lilikuwa kwenye mstari wa pili. Nilichukua daftari la wageni nikaandika majina ya wote niliowaambia hakuna tangu mafaili yahamishwe. Walikuwa watu tisa.

Nilikwenda kwa meneja na barua na orodha. Alisoma, akasema niwaandikie wote kwamba nyaraka zao zimepatikana. Nilimuuliza kama niandike pia kwamba tulikosea. Akasema kupatikana kunatosha. Nikamwomba ruhusa niende Kalemela mwenyewe, kwa kuwa yule nilimpa karatasi yenye muhuri. Alifikiri, akanipa nafasi kwenye gari la kampuni lililokuwa linapeleka mbegu upande wa Lamadi.

Nilimkuta shambani akipalilia pamba na mke wake. Alipoiona ile nakala alinawa mikono kwanza kwenye ndoo, ndipo akaipokea. Aliisoma akifuatisha kwa kidole, akafika kwenye sahihi ya baba yake, akarudi juu akaanza upya. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye tuta, nikimweleza habari za seva na waya, na sidhani kama alinisikiliza.

Mke wake ndiye aliyenisimulia yaliyotokea. Mume wake alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema barua ipo Bariadi. Aliporudi na karatasi yangu, mwenyekiti aliisoma mbele ya watu wote. Tangu siku ile walimwita mwongo aliyetaka kumnyang'anya mwalimu nyumba. Kanisani alikuwa amehamia benchi la nyuma.

"Barua nitaiweka," yule baba alisema mwishoni, akiniita mayu, yaani mama, kwa heshima. "Lakini neno lako, mayu, limesomwa mbele ya watu. Nataka uliondoe mbele ya watu."

Mkutano uliitishwa siku ya pili, nami nililala kwa dada wa mke wake. Niliongea Kisukuma. Kisukuma changu hakina neno la seva wala la faharasa, kwa hiyo nilisema jambo lilivyokuwa: ofisi ina vyumba viwili, mimi nilitafuta kwenye chumba kimoja, nikagonga muhuri kwamba nimetafuta ofisi nzima. Nikasoma barua ya mzee kwa sauti.

Mama mmoja aliyekaa mbele aliuliza, "Hiyo mashine ilijua kwamba haijaangalia huko kwingine?"

"Haikujua," nilijibu. "Mimi ndiye niliyetakiwa kujua."

Mwenyekiti hakuomba radhi. Alisema suala la kiwanja limefunguliwa upya, na karatasi ya kwanza isihesabiwe. Msingi wa nyumba ya mwalimu ulikuwa umeshafika usawa wa goti. Yule baba alisimama akasema nyumba iendelee, mwalimu hana kosa, yeye achukue upande wa ghala. Watu wakapiga makofi, si mengi. Alinisindikiza hadi barabarani. Njiani alizungumzia mvua na wadudu wa pamba, na tulipoagana alinishika mkono kwa mikono miwili.

Fundi alikuja kama alivyoahidi, akaiweka programu kwenye seva. Ilisoma usiku na mchana kwa siku tatu. Wale wanane wengine niliwaandikia, nikaandika wazi kwamba kosa lilikuwa la masjala, na meneja alitia sahihi. Sita walikuja kuchukua nakala zao. Mmoja alituma salamu kwamba haihitaji tena. Wa mwisho alikuwa amefariki. Alikuja binti yake, akaketi pale mezani, akaniomba nimsomee barua ya baba yake polepole, naye afuatishe mwandiko wake kwa macho, kwa sababu hakuwahi kuuona.