Chipu ya Nne

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, kabla hujazaliwa, nilipoharibu kitu kidogo kuliko ukucha wako.

Nilikuwa nachomelea vifaa vya umeme katika karakana ya Dada Neema, hapa Kibaoni. Alikuwa amebuni chombo cha kurushwa angani ndani ya setilaiti, kipokee habari za kina cha mto Kilombero na kuwaonya watu wa kwao Mngeta kabla ya mafuriko. Huko juu kuna mionzi inayoua vifaa vya umeme, kwa hiyo chipu zetu sita, vile vipande vidogo vinavyoendesha chombo, zilipaswa kujaribiwa kwanza. Zingefungiwa katika chumba cha mionzi nchi ya mbali, nasi tungesoma namba kwenye kompyuta tukiwa hapa hapa.

Ya nne niliiunguza nikichomelea. Niliona haya kusema. Nikachomoa inayofanana nayo kwenye redio mbovu, nikaiweka, nikafunga boksi.

Siku ya jaribio tuliketi mbele ya kompyuta tangu asubuhi. Tano zilistahimili. Ya nne ilizimika mapema, na wenye setilaiti walitaka zote sita zipone. Dada Neema alinigeukia. Kwa ukimya wangu alizoea kuniita Bubu.

"Bubu, ile ya nne ilikuwa sawa na zingine?"

"Ndiyo, dada."

Aliniamini. Aliyeishika chipu ile ni mimi. Yeye alikuwa na namba tu. Akaamua kwamba mchoro wake ndio mbovu. Nafasi yetu wakapewa wengine, naye akafunga karakana, akarudi Mngeta kulima mpunga.

Ilipita miaka miwili ndipo nikamfuata. Nilimkuta shambani, matope hadi magotini. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Hakunifokea. Aliendelea kupandikiza mpaka mwisho wa mstari, kisha akasema, "Chipu ningekusamehe siku ile ile, tena nikicheka. Lakini miaka yote hii nimejiona sina akili."

Nilimsihi aanze tena. Akasema daftari za michoro alishawashia moto jikoni.

Mwanangu, mimi si mzee, na shule yangu iliishia darasa la saba, ila hili nalijua. Ukiharibu kitu, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka. Aibu yako ukiificha, kuna mwenzako ataibeba akidhani ni yake. Mungu akujalie ujasiri wa kusema ukweli wakati bado unaweza kumsaidia mtu. Amina.